Namna ya Kutunza Kumbukumbu ya Harusi ya Kivietinamu: Mwongozo kwa Ndugu na Marafiki wa Maharusi

Tangu kaka yangu aoe Cần Thơ, kule kusini mwa Vietnam kwenye delta ya mto Mekong, sipumziki maswali. Huyu rafiki yake anaoa Hanoi, yule binti yake kachumbiwa na Mvietinamu waliyefanya naye kazi Dar. Wote wanauliza yale yale: tufike saa ngapi, tusimame wapi, tupige picha zipi, na hizo picha elfu mbili zilizojazana kwenye simu tuzifanyeje baadaye. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Harusi yenyewe ni asubuhi, nyumbani, mbele ya meza ya mababu. Kile cha ukumbini ni mlo. Wageni wengi kutoka kwetu hujitunza kwa ajili ya ukumbi, wakaikosa asubuhi, kisha wakarudi na picha mia tatu za sahani.

Utakachohitaji

- Simu au kamera unayoijua vizuri. Siku ya harusi si siku ya kujifunzia kamera mpya.
- Simu ya pili ya kurekodi sauti tu. Hata ya zamani yenye kioo kilichopasuka inafaa.
- Kadi mbili za kumbukumbu zilizo tupu, betri ya akiba na adapta ya umeme. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za kule.
- Daftari dogo na penseli.
- Viatu vya kuvua haraka, maana utavivua mlangoni, na soksi ambazo hazijatoboka.
- Kijana mmoja wa upande wa pili anayewajua ndugu zake wote kwa majina. Huyu ana thamani kuliko kamera.

Kuhusu mavazi: rangi yoyote ya furaha inafaa, ila akina mama msijitande mtandio mweupe kichwani. Kitambaa cheupe kichwani kule ni cha msibani.

Hatua kwa hatua

1. Isome kadi ya mwaliko mara mbili.

Kadi huwa na tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kalenda hii yetu ya kawaida. Ya pili, iliyoandikwa kwa herufi ndogo na kutanguliwa na neno *nhằm*, ni ya kalenda ya mwezi, na mwaka wake huitwa kwa jina: 2025 ni Ất Tỵ, 2026 ni Bính Ngọ. Tiketi ya ndege ikatwe kwa tarehe ya kwanza. Nimeona mtu akihesabu kwa ile ya pili.

Angalia pia maneno makubwa juu. *Vu Quy* maana yake sherehe ni ya nyumbani kwa bibi harusi. *Tân Hôn* au *Thành Hôn* ni ya upande wa bwana harusi. Nyumba ni mbili na zinaweza kuwa mbalimbali, basi uliza wewe unatakiwa wapi.

Sasa saa. Wavietinamu wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kama sisi. *6 giờ* ya asubuhi ni saa kumi na mbili alfajiri. Baba mdogo aliiona hiyo sita kwenye kadi, akaridhika kwamba tunaondoka saa sita mchana, akalala. Tulimtoa kitandani na kumvalisha tai ndani ya gari. Na saa ya asubuhi haichezewi, kwa kuwa imechaguliwa kwa kutazamia saa njema. Msafara wa bwana harusi ukiwahi, husubiri nje ya geti mpaka dakika itimie. Jioni ukumbini ni habari nyingine. Watu wa kusini wenyewe huita *giờ dây thun*, saa za mpira, kwa jinsi zinavyovutika.

2. Omba ruhusa kwa mkubwa wa nyumba, siku moja kabla.

Usiombe kwa maharusi, watakubali kila kitu. Muombe babu, au mzee atakayesema kwa niaba ya ukoo, yaani mshenga wao. Uliza mambo matatu: nisimame wapi, nisikanyage wapi, na nani hapendi kupigwa picha. Pengine kuna mpiga picha wa kulipwa. Mtafute, umsalimie, na ukubali kwamba yeye ndiye wa mbele. Picha kubwa ya maharusi utakayoiona mlangoni ilishapigwa wiki nyingi nyuma, wamevaa wamependeza, bustanini au studio. Hiyo haikuhusu. Wewe kazi yako ni siku yenyewe na watu wake.

3. Andika orodha ya ndugu kabla hawajaja.

Hapa sisi Waswahili tuna bahati, maana mpangilio wao wa ukoo tunaufahamu bila kufundishwa. Kusini, *bác* ni baba mkubwa, *chú* ni baba mdogo, *cô* ni shangazi, *cậu* ni mjomba, *dì* ni mama mkubwa au mama mdogo. Kaskazini, *bác* hubeba wakubwa wote wa baba na wa mama, wake kwa waume. Mzungu humaliza mwaka mzima hajaelewa kwa nini wajomba ni wengi na majina yao ni tofauti. Wewe utaelewa kabla chai haijapoa.

Mtego uko kwenye namba. Kusini watoto huitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa, lakini hesabu huanzia mbili. *Hai* maana yake mbili, na Bác Hai ndiye kifungua mimba. Nilimwandika mzee mmoja "baba mkubwa wa pili" kwenye albamu nzima, na ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo. Alicheka. Mke wake hakucheka.

Majina yaandike na alama zake zote. Hương na Hường ni watu wawili. Njia rahisi ni kumpa mtu simu yako aandike mwenyewe. Na ukiandika "Bwana Nguyễn" ujue hujaandika kitu, kwani nusu ya ukumbi ni akina Nguyễn. Jina la kumwitia mtu ni lile la mwisho, na mke haachi jina la ukoo wa baba yake kwa kuolewa.

4. Piga msafara na masinia yakiwa bado yamefunikwa.

Upande wa bwana harusi huja na zawadi kwenye masinia au makasha mekundu, yamefunikwa kitambaa chekundu, yamebebwa na vijana ambao hawajaoa. Upande wa bibi harusi huwapanga wasichana idadi hiyo hiyo wayapokee. Hesabu masinia na uandike. Kaskazini idadi ni witiri: matano, saba, tisa. Kusini ni shufwa, na mara nyingi ni sita. Kwa hiyo mtu akitazama albamu miaka thelathini baadaye, idadi tu itamwambia harusi ilifuata mila ya wapi.

Yakifunuliwa, piga kila sinia peke yake kutoka juu, kisha pamoja na mikono ya aliyelibeba. Utakuta chai, pombe, matunda, keki za *phu thê*, yaani za mume na mke, wali wa kunata uliotiwa wekundu wa tunda la *gấc*, na kusini nguruwe mzima wa kuokwa. (Ndugu Waislamu, hakuna atakayewalazimisha, semeni mapema na mtaandaliwa meza yenu.)

Lakini sinia la kwanza, lisilokosekana, ni la tambuu na popoo. Ndiyo, tambuu hii hii ya Mombasa na Unguja, na chokaa yake. Wao husema kipande cha tambuu ndicho mwanzo wa mazungumzo, na ngano yao ya kale inasimulia ndugu wawili na mke wa mmoja wao waliogeuka mpopoo, jiwe la chokaa na mtambuu ukiupanda mti. Kishada cha popoo hupendwa kiwe na punje 105: *trăm* ni mia, *năm* ni tano na pia ni mwaka, basi ukiyaunganisha unasikia miaka mia ya ndoa. Bibi yangu mzaa baba, aliyekula tambuu maisha yake yote, alipoiona picha ya kile kishada aliitazama muda mrefu, akauliza bei.

Kosa la kawaida: watu hupiga masinia yakiingia, wanasahau yakirudi. Baada ya ibada, sehemu ya zawadi hurudishwa kwa upande wa bwana harusi. Popoo hupasuliwa kwa mkono, haikatwi kwa kisu, na vifuniko hurudi vimelazwa chali. Ipige hiyo mikono inayopasua popoo. Hakuna mtu mwingine atakayeipiga.

5. Meza ya mababu: jipange robo saa kabla.

Hapa ndipo penye harusi, na panakwenda haraka. Maharusi husimama mbele ya meza yenye picha za waliotangulia, huwasha udi, huinamisha kichwa. Kusini kuna pia kuwasha mishumaa miwili mikubwa yenye nakshi za joka na ndege finiksi. Mzee huiwasha taratibu, na watu hutazama kama ndimi zinapanda sawasawa. Feni zote huzimwa. Chumba kina watu arobaini, joto la Mekong, na hakuna anayejipepea.

Fanya hivi:

a) Simama pembeni, karibu na ukuta, usawa wa katikati kati ya meza na mlango. Meza kwa kawaida huelekea mlango mkuu, hivyo ukisimama upande wa meza, mwanga wa nje utakuwa nyuma ya maharusi na nyuso zitatoka nyeusi. Ukilazimika kupiga ukiwa hapo, gusa uso wa bibi harusi kwenye kioo cha simu kisha telezesha kidole juu kuongeza mwanga.

b) Zima flashi. Zima na sauti ya kamera.

c) Taa nyekundu za meza hupaka nyuso wekundu. Kwenye kamera, weka kipimo cha rangi (*white balance*) kwa mkono, usiiachie yenyewe.

d) Usipite kati ya maharusi na meza, wala usiipe meza mgongo ili ujipige picha. Ukikosa pembe nzuri, ikose.

e) Simu ya pili iwe inarekodi sauti tangu mzee hajaanza kusema. Ilaze karibu na sinia la tambuu. Maneno ya washenga wa pande mbili, wanavyojibizana kwa adabu, ndiyo yanayopotea kwanza kichwani.

6. Chai na dhahabu: piga video, si picha.

Maharusi huwapa wazazi na wazee chai au kinywaji kwa mikono miwili, kwa mpangilio wa ukubwa. Wazee hutoa nasaha, bahasha nyekundu na dhahabu: mikufu, pete, bangili. Kusini, mama wa bwana harusi humvisha mkwewe hereni. Anza video sanduku linapofunguliwa na usikate mpaka hereni ya pili iingie. Utaona mikono ikitetemeka, kifungo kikikataa, shangazi akija kusaidia. Picha moja haiwezi kulibeba hilo.

Usivute karibu kuonyesha uzito wa dhahabu. Kwao kama kwetu, ni jambo la kuonekana, si la kupimwa na mgeni.

7. Bibi harusi akitoka, mgeukie anayebaki.

Kamera zote zitamfuata bibi harusi mpaka garini, au kwenye boti kama nyumba iko ukingoni mwa mfereji. Wewe geuka nyuma. Kwa desturi ya familia nyingi, mama mzazi hamsindikizi mwanawe. Mama mkwe wa kaka yangu alibaki kwenye mlango wa jikoni, upepeo mkononi, akiwaambia majirani wale kabla chakula hakijapoa. Hakutazama barabarani hata mara moja. Kati ya picha zote nilizopiga siku ile, hiyo ndiyo aliyoiomba mke wa kaka yangu aikuze.

Kama uko kaskazini, uliza pia kuhusu upande unaompokea. Zipo familia ambazo mama mkwe huchukua chungu cha chokaa ya tambuu na kujificha kidogo wakati mkwe anaingia, ili wasigongane mlangoni siku ya kwanza. Ukiambiwa, jua pa kusimama.

8. Ukumbini: piga meza kwa meza, kisha weka kamera chini.

Meza ni za duara, mara nyingi za watu kumi. Maharusi na wazazi huzunguka wakigonganisha glasi, na kila meza hupiga kelele *Một, hai, ba, dô!* Tangulia meza moja mbele yao. Picha moja ya kila meza inatosha, ila nyuso zote zionekane. Hayo ndiyo mahudhurio yenu ya miaka ijayo.

Bahasha ya pesa: watu wa kule hutumia ile ile iliyoletea kadi, maana jina lako lipo juu yake, na huitumbukiza kwenye kasha la mlangoni. Nyumbani majina na pesa huandikwa kwenye daftari ili siku moja zirudishwe, kama tunavyofanya michango. Kasha piga, daftari usiguse.

9. Usiku ule ule, kabla ya kulala.

Nakili picha zote sehemu mbili. Kisha kaa na yule kijana wako, mpitie picha, umwandike kila mtu: jina, ni nani kwa maharusi, ametoka wapi. Itachukua kama saa moja na nusu. Ukisema utafanya kesho, kesho kuna safari, keshokutwa umeshasahau ni yupi Cậu Ba na yupi Cậu Tư.

10. Wasimulishe wazee.

Siku inayofuata nyumba imetulia na mabaki ya chakula ni mengi. Kaa na babu na bibi mmoja mmoja, simu ikirekodi, na mkalimani awe mjukuu, si mgeni. Usiulize "harusi umeionaje," utajibiwa "nzuri." Mpe picha ya jana mkononi na umuulize: siku yako wewe, ulivaa nini? Mlikula nini? Wazee wa kaskazini walioana kabla ya mageuzi ya uchumi ya *Đổi Mới* ya 1986 watakutajia chai, peremende na sigara, bwana harusi akija kwa baiskeli, wageni wakileta beseni na chupa ya chai. Mlinganisho huo wa baiskeli na ukumbi wa jana utausikia kwa sauti ya mwenyewe, na siku moja sauti hiyo ndiyo itakayotafutwa.

11. Tengeneza albamu mbili, ndogo.

Moja ya kila familia. Picha sitini, si mia sita. Zipange kwa saa, alfajiri hadi usiku, na chini ya kila moja andika majina kwa lugha mbili. Tumia kurasa za karatasi na pembe za kubandikia. Zile albamu za gundi chini ya plastiki huzila picha polepole. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, na kama karatasi inateleza, andika kwenye kipande pembeni. Miji ya joto na unyevu, iwe Cần Thơ au Tanga, albamu isikae ikigusa ukuta.

Kama unaweza, chapisha picha kumi mapema mno: siku chache baada ya harusi, maharusi hurudi kuwasalimia wazazi wa mke, ziara inayoitwa *lại mặt* kaskazini na *phản bái* kusini. Kuingia na picha mkononi siku hiyo kuna uzito wake.

Mambo yakiharibika

*Nimeikosa mishumaa.* Usiombe iwashwe upya ili upige. Kamwe. Omba picha kwa binamu. Kila simu chumbani ilikuwa imeinuliwa. Akutumie kama faili, kwani zikipita kama picha za kawaida kwenye Zalo, programu ya ujumbe ya kule, au WhatsApp hupunguzwa ubora.

*Kadi ya kumbukumbu imegoma.* Itoe, usipige hata picha moja zaidi juu yake, usikubali kamera ikuambie uifute. Mpelekee fundi. Mara nyingi picha bado zimo.

*Picha za ukumbini zote ni za zambarau.* Taa za jukwaani hizo. Usihangaike kusahihisha rangi, zigeuze nyeusi na nyeupe.

*Kuna mzee hakuna anayemjua.* Mtumie picha mama wa bibi harusi. Kama naye hamjui, ni rafiki wa babu. Muulize babu, na uwe na muda, kwa sababu jibu litakuja na hadithi ya jeshini.

*Sauti imejaa kelele za vyombo.* Iache hivyo. Punguza tu mwanzo na mwisho, uandike pembeni ni nani anasema dakika ya ngapi.

*Nimealikwa jioni tu.* Usijipeleke asubuhi. Muombe mmoja wa wabeba masinia akuwekee simu yako ya pili pale karibu na tambuu, na wewe lala mpaka saa nne.